Dakika Mbili za Mwisho za "Rangi Mbichi"

Gaynor Podmore alikuwa na mkono usiotetemeka. Katika kiwanda cha vyombo vya udongo pale Burslem, Uingereza, alikopaka rangi tangu amalize shule akiwa na miaka kumi na sita, mkono huo ulijulikana mpaka chumba cha matanuri. Ukimpa sahani aizungushie mstari wa dhahabu ukingoni, aliiweka kwenye gurudumu lake, akaisukuma kwa kidole cha kushoto, akashusha brashi mara moja tu, na mstari ukakutana na mwanzo wake bila kuacha alama. Beryl Colclough, mkuu wa meza yao, mama mnene mwenye miwani ya kamba ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu mtu, alisema tangu vita viishe ameona mikono kama ile miwili tu, na wa kwanza ulikuwa wake mwenyewe.

Kwenye muziki aliingizwa na bibi yake. Ada Podmore ndiye aliyemlea Gaynor baada ya mama yake kufariki, na Ada ndiye aliyepiga kinanda katika kanisa dogo la Wamethodisti mtaa wa nyuma, kile kinanda cha zamani cha kukanyagwa kwa miguu ili kipate upepo. Gaynor alianza kukipiga miguu yake haijafika chini. Bibi alikanyaga, mjukuu akabonyeza. Alipofika miaka kumi na miwili alizijua nyimbo zote za kitabu, na Jumapili ambazo magoti yalimsumbua Bibi, yeye ndiye aliyeongoza kanisa zima: wazee thelathini na wanane waliojaa vumbi la udongo na la makaa vifuani, watu wa kuimba mstari mmoja, kupumua, kukohoa, ndipo waingie wa pili. Hukuweza kuwaharakisha. Ulisubiri na vidole vyako juu ya funguo mpaka wawe tayari.

Mwaka wa sabini na tisa, Jumamosi moja asubuhi, alikuwa kwenye foleni ya chapati za shayiri, zile za kukunjiwa jibini na nyama, akaona kadi imebandikwa dirishani mwa duka. ATAFUTWA MPIGA KINANDA, BENDI YA WIMBI JIPYA. WENYE NYWELE NDEFU WASIJISUMBUE. Wimbi jipya lilikuwa muziki wa haraka wa vijana wa miaka ile, na nywele ndefu zilikuwa alama ya wapiga gitaa wa zamani. Nywele za Gaynor zilifika kiunoni. Alizizungusha kichwani, akazifunga kwa skafu, akaenda.

Bendi yenyewe ilikuwa vijana wawili katika ghala juu ya duka la nyama. Aliyefungua mlango alikuwa mrefu, amevaa suti ya mtu mwingine.

"Nimekuja kwa ajili ya kinanda, bata," Gaynor alisema. Bata ndilo neno la upole la watu wa huko. Huitwa hivyo mke, mume, daktari na kondakta wa basi.

"Wewe ni mwanamke," yule kijana akasema.

"Ndivyo nilivyoambiwa."

"Na hiyo skafu ni ya nini?"

"Inaficha nywele."

Huko nyuma mpiga ngoma alicheka mpaka fimbo zikamponyoka. Huyo alikuwa Trevor Salt, fundi mabomba. Yule mrefu alikuwa Clive Machin. Mchana Clive aliuza viatu Hanley, mji wa jirani. Nje ya hapo alipiga gitaa na kuimba kwa haraka na kwa uchungu, jasho likimtiririka hata barafu ikiwa dirishani. Alitunga nyimbo zote, akazichapa kwa mashine ya duka la viatu, akazipanga katika faili. Mpiga besi hawakuwahi kumpata, maana watatu waliojitokeza wote walikuwa na nywele ndefu, na Clive alishasamehe za Gaynor, akaona aibu kusamehe tena. Kwa hiyo besi ikawa mkono wa kushoto wa Gaynor.

Walijiita Kasoro Ndogo. Ni maneno yaliyopigwa muhuri kwenye masanduku ya kiwandani, ya vyombo vilivyotoka tanurini na doa au mkunjo kidogo, vikauzwa kwa bei rahisi. Gaynor ndiye aliyeyaleta, na Clive aliyapenda hata akayaandika kwenye begi la gitaa siku hiyo hiyo.

Clive hakuwa mtu rahisi. Alinuna upesi, na mkilipigia makofi gitaa lake aliuliza mbona hamkuupigia makofi ubeti. Lakini kila wiki kwa miaka miwili alikipandisha kinanda cha umeme cha Gaynor ghorofa mbili mgongoni, hakutaka mtu amshikie hata upande mmoja. Bibi Ada alipolazwa, Clive alikwenda hospitali na jozi ya ndara za manyoya, akapiga magoti akamvisha mwenyewe, akambonyeza kidole gumba cha mguu kuona kama kinapumua, kama afanyavyo kwa kila mteja. Ada alipozikwa, akasimama benchi la nyuma na suti ile ile, akaimba kwa sauti kuliko kanisa zima, na akawa mbele yao kwa mistari miwili. Gaynor, aliyekuwa kwenye kinanda, alimsikia, akacheka katikati ya machozi.

*

Albamu ilirekodiwa mwaka wa themanini na moja, katika zile wiki mbili za mwisho wa Juni viwanda vyote vya vyombo vinapofungwa na watu kwenda pwani. Gaynor hakuwa na likizo nyingine. Kampuni ya santuri iliyowachukua ilikuwa watu wawili na simu moja kule Manchester, nao wakawapeleka milimani, nyuma ya mji wa Leek, kwenye studio iliyokuwa shule ya Jumapili ya kanisa. Fundi wake aliitwa Desmond, mtu wa makamo aliyefanya kazi na ndara za nyumbani miguuni.

Kwa siku saba walirekodi nyimbo tisa. Wa tatu, unaoitwa "Foleni", ulianza kwa mwendo mmoja ukaisha kwa mwingine.

"Trevor, unakimbia wapi?" Desmond akauliza kupitia kioo.

"Ni hiyo taa nyekundu ya kurekodi," Trevor alisema. "Ikiwaka tu, moyo unaniambia tumechelewa."

Waliurudia mara kumi na tatu. Mara zote Trevor alikimbia, na Clive akamfuata mbio, na Gaynor katikati yao akajitahidi kuwashika wote wawili kwa mkono wa kushoto.

Siku ya nane Desmond alipima kanda akakuna kichwa. "Upande wa pili ni mfupi sana. Mtu atageuza santuri, atakaa chini, na itakuwa imekwisha. Nipeni kitu kingine."

Clive hakuwa na kitu kingine. Alitoka nje na faili lake na mkate wa nyama, akakaa juu ya ukuta wa mawe kutafuta. Trevor akaenda kulala garini. Gaynor, kwa kukosa la kufanya, alifunua turubai pembeni mwa chumba akakuta kinanda cha kanisa, cha kukanyaga, ndugu wa kile cha Bibi. Mkanda wa upande mmoja ulikuwa umechakaa, kikawa kinahema kama mtu aliyepanda mlima. Alikaa. Kulikuwa na sauti fulani alizokuwa akizipanga kichwani mwake kiwandani tangu Bibi afariki, akizungusha sahani, akisubiri rangi ishike. Hazikuwa na maneno. Akazipiga polepole, akaacha nafasi zile zile alizokuwa akiwaachia wazee wapumue, na ndani ya nafasi hizo kikasikika kinanda chenyewe kikivuta pumzi, na kanyagio likilia.

Alipoinua macho, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Desmond alikuwa ameshamrekodi.

Clive aliporudi akasikilizishwa. "Hii ni ya msibani," akasema. "Sisi ni bendi ya kisasa."

"Sawa," Desmond akamwambia. "Basi niletee ya kisasa kabla ya saa nane. Saa nane na nusu nakwenda kung'olewa jino."

Saa nane ilifika Clive akiwa na mistari minne, na mitatu ameifuta. Hivyo zile dakika mbili zikabaki mwisho kabisa wa upande wa pili, na kwenye jalada zikaandikwa "Bila Jina". Jalada lenyewe lilitoka mkononi mwa Gaynor: sahani nyeupe na mstari mmoja mpana wa kijani unaochuruzika upande mmoja, uliopigwa picha kabla haujakauka. Ndiyo maana Clive akaiita albamu *Rangi Mbichi*.

*

Ilitoka mwezi wa kumi. La kwanza kuiandika lilikuwa gazeti la pale pale mjini. Mwandishi wao wa muziki alikuwa amevunjika mguu, wakampa kazi Bwana Bagnall, ambaye miaka yote aliandika habari za maonyesho ya maua. Bwana Bagnall aliandika kwamba jalada ni zuri, kwamba kijani cha mstari kinafanana na cha majani ya mbaazi changa, kwamba nyimbo ni kumi, na kwamba zote alizisikia vizuri.

"Kazisikia vizuri!" Beryl alipiga meza brashi zikaruka. "Sasa mnataka nini tena? Hajasema amekuwa kiziwi."

Baada ya wiki tatu lilikuja gazeti la muziki la London, lile ambalo Clive alilisoma kila wiki mpaka matangazo. Beryl alilinunua mwenyewe njiani, na saa ya chai akasimama na miwani yake ya kamba, wanawake kumi na wanne wakanyamaza, akasoma kwa sauti ileile anayosomea kanisani. Aliyeandika aliitwa Adrian Voysey.

"'Kasoro Ndogo wanatoka mji wa vyombo, na kwa nusu saa nilijiona nimefungiwa kabatini navyo vikiniangukia. Mwimbaji wao, Clive Machine, anaimba kama mtu anayefukuza basi huku akilitukana. Ngoma zinamfukuza yeye.'"

"Machine?" mmoja akauliza. "Yaani mashine?"

"Ndivyo lilivyoandikwa. Nyamazeni. 'Anayebaki mahali pake ni Gaynor Podmore peke yake, ambaye mkono wake wa kushoto unafanya kazi ya watu wawili. Halafu, mwisho kabisa, wenzake wakiwa wametoka nje, natumaini kwenda kuomba radhi, anakaa kwenye kinanda kibovu kinachohema, na kwa dakika mbili nilisahau kwamba nina santuri kumi nyingine za kusikiliza. Podmore anajua kusubiri. Bendi impe nafasi, au aiache.'"

Beryl alikunja gazeti taratibu.

"Kakusifu, mwanangu."

"Kawatukana wenzangu."

"Kakusifu wewe, kawatukana wao. Yote mawili yamo humu, mimi siwezi kuyatenganisha."

Furaha ndiyo iliyomfikia kwanza Gaynor, furaha kubwa ya kumpandisha damu usoni. Na papo hapo akaionea aibu, akiwaza Clive yuko wapi saa hizi na amesoma akiwa peke yake au mbele ya watu. Alasiri ile aliharibu visahani viwili vya chai. Beryl aliviona, akavisukuma chini ya meza kwa mguu.

Clive alikuwa amesoma mbele ya watu. Kule Hanley, kufika jioni, duka zima lilikuwa likimwita Mashine. "Mashine, lete namba nane nyeusi." "Mashine, umetiwa mafuta leo?" Jumapili alikuja mazoezini na gazeti amelikunja mara nyingi mfukoni, limekuwa kama kipande cha sabuni.

"Amekutaja mara mbili," akamwambia Gaynor. "Mimi mara moja, na hata hiyo amekosea."

"Mimi hakunitaja kabisa," Trevor akasema. "Kasema 'ngoma'. Kama vile zilijipiga."

"Sikumwomba aandike hivyo, Clive."

"Hukumwomba. Unataka kuondoka?"

"Nani kasema naondoka?"

"Yeye. Imeandikwa hapo. Impe nafasi au aiache."

"Yeye hanijui mimi, wala hajui njia ya kufika Burslem. Piga wimbo, bata."

Wakapiga. Lakini tangu siku ile Clive hakukibeba tena kinanda. Alisema mgongo unamuuma, na Gaynor na Trevor wakakipandisha wenyewe, wakipumzika kila ngazi ya tano.

*

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili walipiga Leeds, mchana, katika ukumbi wa chuo. Wanafunzi kama mia mbili walikuja, wengi kuliko walivyowahi kupata, na nusu yao walikuwa wamesoma lile gazeti. Gaynor alikisikia kinanda chake vizuri kupitia kipaza sauti kidogo kilichokuwa nyuma yake, akapiga kama hajawahi. Wakati wanakunja nyaya, binti mmoja mwenye koti la mvua alimsogelea.

"Pole sana, dada. Kinanda chako kiliharibika?"

"Kiliharibika vipi?"

"Hatukukusikia. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulidhani umeamua tu kukaa pale."

Trevor alikwenda kumuuliza kijana wa mitambo mwisho wa ukumbi, akarudi uso umembadilika. Gaynor alimkuta Clive nje, anapakia gari.

"Ulinizima?"

Clive hakukana. "Nilimwambia apunguze tu."

"Kapunguza mpaka sifuri."

"Nilitaka nisikie wakinisikiliza mimi. Mara moja tu, Gaynor."

"Ukasikia nini?"

Clive aliangalia viatu vyake. "Nilisikia wakihamia baa."

"Na mimi je?" Trevor akadakia. "Muziki mzima bila besi! Nimepiga saa nzima kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Mpumbavu wewe, hata wimbo wako mwenyewe umeuua!"

Walirudi wote watatu kwenye kiti kimoja cha mbele, Gaynor katikati. Walipokuwa wanapanda milima, Clive alitoa kwenye karatasi pai ya nyama, akaikata kwa vidole, akampa Gaynor kipande kikubwa bila kumtazama. Gaynor alikipokea, akala. Alikuwa na njaa, na alikuwa na hasira, na alikuwa anamwonea huruma, akashindwa kujua kipi kimetangulia.

*

Wiki iliyofuata theluji iliangukia nchi nzima. Jumanne mabomba ya kiwanda yaliganda, wakaambiwa warudi nyumbani. Gaynor alisimama lango la kiwanda akiwa na siku nzima mkononi ambayo haikuwa ya mtu. Alirudi kuvaa koti la kanisani, akatia santuri ndani ya mfuko, akapanda treni kwenda London.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba. Alikuwa amejitayarisha kukutana na mtu mzima mwenye ndevu. Alimkuta kijana wa miaka ishirini na mbili, amevaa koti ndani ya nyumba na glavu zilizokatwa vidole, anakunywa supu kwenye kopo.

"Wewe ndiye Voysey?"

"Inategemea nani anauliza. Wiki iliyopita alikuja mpiga tarumbeta."

"Alikufanya nini?"

"Alilia. Ingekuwa nafuu angenipiga."

"Mimi ni Gaynor Podmore."

Kijana alisimama ghafla, supu ikamwagikia karatasi. "Dakika mbili za mwisho! Karibu! Kaa! Hapana, hicho kimevunjika, kaa hapa."

Gaynor hakukaa. "Umeisikiliza mara ngapi?"

"Mara moja." Akayaona macho yake. "Upande wa kwanza, mara moja. Upande wa pili nilikuwa naongea na simu. Ule wako wa mwisho, mara nne."

"Basi kaa wewe, bata. Leo tunaisikiliza yote."

Akaitoa santuri, akaiweka mwenyewe. Voysey akakaa. Kwenye wimbo wa tatu alimtupia jicho Gaynor, na Gaynor akasema, "Huo ni mbaya. Endelea." Wakageuza upande. Wimbo wa sita unaitwa "Ngazi". Clive anauimba ubeti wa pili wote kwa pumzi moja, maneno yakimkabana kooni, mpaka mwisho wake sauti inakatika kabisa.

"Hapo," Gaynor alisema, akainua sindano. "Umeandika anafukuza basi."

"Si ndivyo inavyosikika?"

"Baba yake alichimba makaa miaka thelathini na mitatu. Mapafu yamekwisha. Kwao kuna ngazi kumi na nne kwenda chumbani, na kila siku Clive yuko chini anamsikiliza akizipanda. Ubeti una mistari kumi na nne. Ihesabu."

Akarudisha sindano. Voysey alihesabu kwa vidole vyake vilivyotoka kwenye glavu. Wimbo ulipoisha aligeuza jalada nyuma na mbele.

"Haikuandikwa kwenye jalada," akasema.

"Haikuandikwa. Imeimbwa. Kazi yako si kusikiliza?"

Kijana wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni. Alieleza kwamba hupewa santuri kumi na moja kwa siku, kwamba mhariri anapenda maneno makali, kwamba chumba hakina moto. Gaynor alimsikiliza mpaka mwisho, akamfutia supu mezani kwa leso yake.

"Nikufanyie nini?" Voysey akauliza.

"Jina lake halina 'e' mwishoni. Ni Machin. Sahihisha hilo kwanza. Halafu useme kweli juu ya 'Ngazi'. Ukiona kuna kweli."

"Hilo tu? Umetoka huko kwenye theluji kwa ajili ya herufi moja?"

"Hujui wanavyomwita dukani."

Alipokuwa anafunga vifungo vya koti, Voysey alimwandikia namba ya simu. Kulikuwa na bendi ya London inakwenda Ujerumani mwezi wa pili, inatafuta mpiga kinanda. Alishawaambia habari zake. Gaynor aliiangalia namba ile njia nzima ya kurudi, akaitia ndani ya kitabu cha nyimbo cha Bibi.

*

Kabla ya Krismasi gazeti lilitoa mistari michache, chini kabisa ya ukurasa, karibu na matangazo ya magitaa. *Mwimbaji wa Kasoro Ndogo anaitwa Clive Machin. Nilikosea jina lake, na nilikosea juu ya "Ngazi", ambao ni wimbo wa kweli na wa kutisha, nami niliusikia vibaya kwa uvivu. Juu ya "Foleni" sikukosea. A.V.*

Clive alikuja kwa Gaynor mchana wa siku hiyo hiyo, amekimbia kutoka kituo cha basi bila kofia, gazeti mkononi.

"Trevor kaniambia ulikwenda."

"Trevor mdomo wake kama bomba lililopasuka."

"Kwa nini, Gaynor? Baada ya yale ya Leeds?"

Gaynor alikuwa anapasha chapati za shayiri, akaziangalia zisiungue. "Kwa sababu lile la wimbo wa sita halikuwa kweli. Ya Leeds ni yetu mimi na wewe."

"Nilikufanyia ubaya."

"Ulinifanyia."

"Mgongo hauniumi," Clive akasema. "Haujawahi kuniuma."

"Najua, bata. Kaa ule."

Alikula nne. Katikati ya ya tatu aliona ile karatasi imechomoza kwenye kitabu cha nyimbo, akaisoma, akauliza ni ya nani, akaambiwa. Alikaa na jibini mdomoni.

"Nenda," akasema.

"Na Kasoro Ndogo?"

"Nenda kwanza. Usipokwenda nitakuwa naangalia mikono yako kila mazoezi, nikijua ingekuwa wapi."

Alikwenda. Beryl alimwandikia mkuu wa kiwanda kwamba Podmore ameteguka mgongo, ikawa ndio mgongo wa pili wa uongo katika habari hii. Wiki saba alizunguka Ujerumani na vijana wanne waliopaka wanja, waliomtaka apige sauti tatu tu, zile zile, wimbo kwa wimbo, na akawa anazipiga huku akihesabu madirisha ya ukumbi. Alipenda mkate wao mweusi na mito yao. Mwezi wa nne akarudi na sanduku lake, akachukua brashi, na Beryl akamuuliza mgongo unaendeleaje.

Albamu ya pili haikutokea. Hakukuwa na ugomvi. Mke wa Trevor alijifungua mapacha, ile simu moja ya Manchester ikaacha kupokelewa, na baba yake Clive akaacha kupanda ngazi, wakamshushia kitanda sebuleni. Clive alikaa naye mpaka mwisho. Baadaye alifungua shule ya udereva, akawa mwalimu mzuri ajabu, mpole kwa waoga. *Rangi Mbichi* iliuzwa nakala elfu moja na mia mbili, na wanaoijua mpaka leo hubishana: wengine wanasema Voysey wa kwanza ndiye aliyekuwa sahihi, wengine Voysey wa pili. Bwana Bagnall hajabishiwa na mtu.

Kiwanda kilifungwa mwaka wa tisini na tisa. Gaynor alikuwa ameshaanza kupiga muziki katika jumba dogo la maigizo la jirani, akikaa pembeni ya jukwaa gizani, akisubiri waigizaji wamalize kusema ndipo aingie. Alifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, akaolewa na fundi wa taa wa pale, mtu mkimya wa Wales aitwaye Emrys. Sasa ana miaka sitini na minane, na Alhamisi asubuhi hufundisha kinanda watu wazima katika maktaba. Majuzi mwanafunzi mpya, mstaafu wa posta, alimuuliza katikati ya somo kama ni kweli aliwahi kutoa santuri.

"Moja," Gaynor alisema. "Inua kiwiko. Na usikimbie, bata, hakuna anayekufukuza."